Kupanda na Kushuka

Mwaka wa sabini, Machi, theluji ikigoma kuondoka,
baba alipanda Chevelle yake mara ya kwanza.
Ferenc Orosz, mkata vioo, Toledo, kando ya mto Maumee,
vidole saba vizima, vitatu vya kubahatisha.
Dola elfu tatu na mia tisa, mkopo wa miezi thelathini na sita.
Silinda nane. Kijani cha zeituni.
Mama aliuliza: "Na hii itatupeleka wapi ambako basi halifiki?"
Baba akawasha injini.
Vikombe kabatini vikajibu.

Usiku aliivika shuka,
shuka la kitanda chao cha arusi, maua yake yamepauka,
na mama akalala wiki nzima juu ya godoro tupu
ili ajulikane amekasirika.

Kisha mafuta yakaadimika.
Foleni ya petroli ilipinda kona mbili, ikapita kanisa.
Bima ikapanda. Kiwanda kikapunguza zamu.
Mdogo wangu akazaliwa na mapafu yasiyoshiba hewa.
Februari, sabini na nne, baba akashuka.
Dola mia sita, noti za ishirini ishirini,
kutoka kwa kijana wa Fremont ambaye hata boneti hakufungua.
Hospitali ikalipwa. Shuka likarudi kitandani
likinuka grisi hata baada ya kufuliwa mara tano,
na safari hii mama hakusema neno.

Leo niko Indianapolis, safu ya kumi na moja,
kibao cha namba mapajani, kahawa imepoa.
Nimeifuata kwa namba ya chasisi,
namba aliyoinakili baba nyuma ya picha yangu ya komunio,
kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Wanaisukuma jukwaani.
Nyekundu.
Wameipaka nyekundu, maana nyekundu hununuliwa.
Kijitabu kinasifu: injini yake yenyewe, gia yake yenyewe,
mmiliki wa kwanza hajulikani.

Jirani yangu wa kiti, Dwight Amstutz, daktari wa meno mstaafu,
ananisomesha bila kuombwa.
Miaka miwili nyuma, asema, gari kama hili lilifika laki na ishirini.
Walionunua walikuwa wavulana wa miaka sabini
wakitafuta kiti walichokikosa wakiwa na kumi na saba.
"Sasa tunakufa," asema, kama anayetaja hali ya hewa.
"Wajukuu wangu wanataka gari lisilo na sauti."
Ana Camaro mbili ghalani. Hajui amwachie nani.
Mchongoma huo, nawaza. Kuupanda walijua wote.

Dalali anamwaga tarakimu, mvua ya mawe juu ya bati:
sitini, sitini na tano, sabini,
sabini na mbili,
sabini na mbili na nusu.
Kimya.
Mtu anakohoa, dalali anamtazama kwa matumaini.
Bei ya chini ni tisini. Nyundo inagonga, hakuna aliyenunua.

Nafungua mkoba kutafuta leso,
na Dwight anaiona: hati ya mauzo, wino wa bluu,
saini ya baba iliyoinama kama mtu anayesukuma.
Sauti yake inashuka. "Mama, karatasi hiyo peke yake
ni elfu saba. Mkimbilie mwenye gari kabla hajalipakia."

Nakwenda, kweli. Nasimama ubavuni mwake.
Kwenye ukingo wa mlango, penye bawaba, rangi imebanduka
upana wa ukucha. Kijani.
Mwenye gari anapiga simu, amenipa mgongo,
anamweleza mtu fulani kuwa soko limeoza.
Yeye ana mali bila daftari.
Nami nina daftari.
Naikunja hati palepale ilipozoea kukunjwa.

Basi la Toledo linaondoka saa mbili usiku.
Linafika.