Urefu wa Mlango wa Ghala

Machi, msimu wa tope. Huku Vermont kaskazini
barabara imelainika kama uji wa mgonjwa,
na jana gari la posta lilizama hadi ekseli
mbele ya sanduku letu la barua.
Ndipo Wendell akasema: basi, twende.

Armand Gagnier anatandaza karatasi mezani,
anaigandamiza kona kwa kikombe cha kahawa.
Trekta lenyewe, anasema, ni nusu ya maneno;
nusu ya pili ni kile utakachokifunga
mbele yake na nyuma yake.
Nguvu za farasi ishirini na tano.
Ishirini na tano! Wendell anacheka.
Yule wetu mmoja, zizini,
siku hizi hata nzi hamfukuzi.

Kisha vinakuja viboksi vya kutia alama.

Koleo la mbele: tia.
Uma za kubebea magogo: tia, mgongo wangu unajua kwa nini.
Kipulizia theluji au bamba la kuisukuma?
Bamba ni rahisi, lakini theluji iliyosukumwa Desemba
utaikuta palepale Februari, imekuwa ukuta.
Kipulizia, basi.
Matairi mapana yasiyochubua nyasi,
na ndani yake, kwa uzito,
juisi ya viazisukari, isiyoganda.
Nacheka. Nimezeeka nanunua juisi ya kunywesha matairi.

Mkono wa kuchimbia.
Hapo Wendell ananyamaza kama mtoto dukani.
Una mashimo mangapi? namuuliza.
Anahesabu vidoleni: mtaro wa kisima,
kisiki cha mwaloni,
na… kidole cha tatu kinabaki hewani.
Dola elfu tisa kwa mashimo mawili na kidole.
Hata mchimba makaburi hatozi hivyo, nasema,
na papo hapo najutia neno lile.

Maana Armand amefika mstari wa chini.
Fremu ya kinga, juu ya kiti.
Hii haina kiboksi, anasema, inakuja nayo.
Ila inakunjika, Odile, kama mlango wako ni mfupi.

Mlango wangu ni mfupi.
Niliupima asubuhi: futi sita, inchi nane.
Fremu: futi saba, inchi tisa.
Tutaikunja tukiingia, anasema Wendell,
tutaikunjua tukitoka. Sekunde kumi.

Baba hakuwa na ya kukunja.
Ya kwake aliikata kwa msumeno jumapili moja,
kwa sababu ya mlango huohuo,
akaisimika uani, mama apate pa kuanikia nguo.
Oktoba, kwenye ukingo wa kijito,
nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nililiona gurudumu kwanza.
Lilikuwa bado likizunguka, juu, polepole,
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Mama alianika nguo kwenye chuma kile
miaka thelathini na minne.
Hakikupinda. Chuma kizuri kile.

Sekunde kumi, nasema, ni nyingi kwa aliyechoka.
Futa mkono wa kuchimbia.
Armand anafuta, haulizi.
Wendell anatazama karatasi, kisha ananitazama,
kisha anatoa penseli sikioni
na nyuma ya kadi ya Armand
anaanza kuchora boriti.

Jumamosi tuliukata ukuta wa babu yangu.
Msumeno ulilia, vumbi la mbao likatuingia shingoni,
na misumari ya mraba, iliyofuliwa kwa nyundo,
ikadondoka mmoja mmoja ndani ya ndoo.
Inchi kumi na sita juu.
Mwanga uliingia pale usipopata kuingia;
farasi mzee akapepesa macho,
akageuza makalio, akaendelea kulala.

Trekta halijafika. Meli, anasema Armand,
labda Mei. Usiku upepo unapita juu ya mlango
na Wendell ananung'unika kuhusu baridi.
Namwachia blanketi lote.