Kaniki ya Mama

Tangu alfajiri ya Jumatatu chuchu ya nyuma, ya kushoto,
ina moto.
Sikuhitaji kipimo. Kiganja kinajua.

Nikatandaza kipande cha kaniki juu ya kikombe cha bati,
kaniki ya mama, aliyoivaa akichuma karafuu Mtambwe
hata ikachanika kiunoni,
nikakamua mara tatu.
Juu ya weusi ule mabonge yakaonekana wazi
kama tui lililokatika.

Mwaka juzi ningeshamtuma Mbwana dukani kwa Faki Shehe.
Faki haulizi ng'ombe ana nini. Huuliza: chupa ngapi?
Nikidunga. Kwa kikohozi nikidunga, kwa kwato nikidunga,
kwa wasiwasi wangu mwenyewe nikidunga,
na siku tano maziwa nikiyamwaga mgombani.
Siku mbili, tuseme kweli.
Ya tatu nikiyapeleka Wete, watu wakanywa na chai zao.

Kisha mjukuu wangu Thuwaiba akakatwa na chupa mguuni,
kidonda kidogo, cha mtoto.
Kikala vidonge vya wiki tatu, kikabaki kinanicheka.
Daktari wa Chake akasema: vijidudu vya humu vishaizoea dawa.
Hakuniambia vimeizoea wapi.
Mie sikuuliza.

Basi sasa ni maji ya moto, chumvi na kitambaa.
Namkanda Kashata kama anavyokandwa mzazi,
namkamua kila baada ya saa mbili, hadi tone la mwisho,
yeye wa mwisho bandani,
kisha naosha mikono mpaka viwikoni.
Majani ya kulalia nimebadilisha yote.
Mbwana ananung'unika:
"Mama, huyu ng'ombe au biharusi wa kusingwa?"
Namwambia, shika tochi.

Sisemi dawa haramu.
Ndimu, mwezi wa Rajabu, aliacha kula, masikio yakawa baridi,
nikamwita daktari wa mifugo mwenyewe, si Faki.
Akadungwa, akapona,
na maziwa nikayamwaga siku zote nilizoandikiwa,
nikizihesabu kwa mkaa ukutani.
Mgomba ule umezaa mkungu wa kutisha.

Usiku wa leo ni wa nne. Mvua ya vuli yapiga bati.
Mara ya kwanza. Ya pili.
Kashata anacheua, hana habari na mie,
mkia wake wanichapa sikioni.
Bonge moja, dogo, kama chenga ya mchele.
Nasubiri.
Ya tatu inapita yote, hadi chini ya kikombe,
na kaniki inabaki kaniki.

Mbwana keshaanza kucheka.
Sijacheka bado. Nitaifua, niianike,
kesho alfajiri nitampima tena,
maana mie na kiganja changu
tushawahi kudanganyana.