Alama za Chaki

Kabla sijamgusa Togwa, husema.
Chochote tu: bei ya vitunguu Mbuyuni, jina lake,
mvua ya Rau ilivyonifuata hadi mlangoni.
Daktari wa mifugo ndivyo alivyonifundisha:
mkono usio na sauti, kwa asiyeona, ni mwewe.

Macho yalianza kama maji ya mchele,
kisha yakawa maziwa.
Jirani Elinami aliinama juu ya ua wa masale,
akamtazama, akanitazama:
"Mama Ndeshi, mchuzi huo, kabla hajakonda."
Nikamwambia na yeye miwani yake
imefikia unene wa kitako cha chupa,
na mkewe bado hajabandika sufuria.

Wala si wangu. Ni wa mjukuu, Aikande,
aliyekwenda bweni Machame na godoro na ndoo,
akaniachia karatasi ya daftari:
Maji pembeni mwa kabati. Usihamishe.
Nyasi chini ya cherehani. Usihamishe.
Bibi, usihamishe kitu.

Mimi, niliyezoea kugeuza sebule kila Pasaka!
Sasa najua nyumba yangu kwa kucha zake juu ya saruji:
miruko sita, kona,
minne, bakuli.
Pua inahakiki kila mguu wa meza
kama karani asiyeamini sahihi ya jana.
Mlangoni nimefunga tawi la mrihani.
Ukinusa hapo, Togwa, dunia imeisha. Geuka.

Juzi viti vikaazimwa, kipaimara cha kwa Kiwelu.
Vikarudi jioni vinanata mbege,
vijana wakavipanga vizuri, uzuri wa kwao.
Usiku nikasikia: pu.
Kimya.
Pu.
Nikamkuta katikati ya chumba, amejibana chini kama kitambaa kilichodondoka,
moyo unakimbia, miguu imekataa.

Nikasema, ni mimi. Ni mimi, baba.
Kisha nikazima taa, na miaka yangu sitini na nane,
nikatambaa.
Kiti cha dirishani nilikikumbuka kwa baridi ya upepo.
Cha wageni kwa ufa wa sakafu.
Cha marehemu Anaeli, goti lilifika lenyewe,
likasimama pale pale alipokuwa akivulia viatu.
Nikavirudisha vyote, kimoja kimoja,
halafu nikawasha taa, nikatoa chaki ya kukatia nguo,
nikazungushia kila mguu.
Atakayeazima tena atakuta ramani.

Asubuhi hii mlima haupo.
Wingu limeumeza tangu Jumatatu
na hakuna mtu Moshi nzima anayeuliza umehamia wapi.
Nimeketi na chai yangu, sijatikisa hata kijiko.
Chini ya cherehani nyasi zinachakacha.
Sita. Kona.
Anasita kidogo, sikio moja juu.
"Nipo," nasema, "endelea."
Minne.
Anakunywa.