Dakika Ishirini

Saa sita na robo. Nekane ana dakika ishirini
kabla king'ora cha kiwanda hakijamwita tena.
Jiko halijawashwa, wala halitawashwa.
Kidole kwenye pete ya kopo, mafuta yanachuruzika,
jodari anatoka vipande vipande.
Huenda ni yeye mwenyewe aliyemfungia humo
Agosti iliyopita, zamu ya usiku, vidole vimekufa ganzi.

Kitunguu chembamba hata unaona kisu ng'ambo ya pili.
Tango na ganda lake. Karoti: kacha!
Pilipili hoho, nusu inaishia mdomoni
kabla haijafika bakulini.
Siki. Chumvi kiduchu. Mayonezi? Daktari alishasema.

Mama mkwe anachungulia mlangoni.
"Hicho ni chakula au malisho?"
Kwake, tangu Bermeo iwe Bermeo,
kisichofuka moshi hakijaiva, na kisichoiva
wape sungura.

Nekane anamsogezea uma.
Bibi anaonja. Ananyamaza. Kacha, kacha,
meno ya bandia yanafanya kazi ya ujana.
"Limau limepungua," anasema,
na kuvuta kiti.

King'ora.
Nekane anainuka na kipande cha mkate mkononi;
bakuli limeshabadili mwenyewe.