Mita Kumi na Sita

Walipokuja kupima bahari pale Matarbari
Kulsuma alikuwa akikwangua chumvi.
Mhandisi akamkunjulia ramani:
mita kumi na sita, akasema,
meli zilizokuwa zikituruka kwenda Kolombo
sasa zitatia nanga mlangoni pako.

Mlango upi? akauliza. Huu wa bati?

Bandari huhesabiwaje, sijui.
Dhaka wanaihesabu kwa makasha,
Tokyo kwa riba, Delhi kwa wasiwasi,
na mwanawe Tofail, mwendesha winchi,
kwa zamu: ya usiku hulipa moja na nusu.

Yeye amebaki na magunia.
Mia mbili kwa msimu,
mvua ikikaa na adabu zake.
Leo meli ya makaa
hupita palipokuwa tuta la baba yake,
imeupita msikiti kwa kimo,
kimya kama deni.

Juzi Tofail kamletea chumvi ya dukani,
nyeupe, laini, ndani ya pakiti.
Akaigeuzageuza kutafuta ilikotoka.
Akaionja kwa ncha ya ulimi.
Akaitia mchuzini.

Haikukolea.

Akaongeza kijiko cha pili.