Huyu au Hii

Kiwele cha Chausiku kilivimba upande mmoja,
robo ya nyuma, kushoto, ngumu kama nazi kabla ya kufuliwa.
Bi Nyevu wa Mikindani alinikamulia matone manne
kwenye kichupa, akanionya:
"Usiyamwage. Hayo ndiyo ada ya shule."

Nikayavusha Makupa ndani ya barafu
niliyoinunua kwa muuza juisi.
Maabara yetu ina feni mbili; ya pili ni pambo.
Nje nyuzi thelathini na nne, ndani ya sanduku la joto
thelathini na saba.
Hizo tatu za katikati tunazilipia stima.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi siku ya tatu nilimpa sukari:
ya maziwa akaikataa,
ya miwa akaionja akaiwacha,
ya matunda akaimaliza usiku mmoja,
na asubuhi chupa iliyokuwa nyekundu
ilikuwa manjano, na yeye kimya, kama hakufanya kitu.

Nikamtia rangi. Zambarau ikamkaa.
Chini ya lenzi: viduara, wawiliwawili,
kama mashangazi wanaotoka matangani wakisengenya.

Nikafungua daftari. Kalamu ikasita.
Huyu bakteria? Hii bakteria?
Mwalimu Mwakio alituchapa kwa hilo:
chenye uhai ni a-wa,
hata kupe, hata kiroboto,
hata maiti kwa heshima ya alichokuwa.
Lakini homa, kutu, dawa, hizo zina ngeli zao.
Na huyu
(tazama, ulimi ushanitangulia).

Nilimsoma herufi elfu moja na mia tano,
herufi nne tu zikipishana kama shanga.
Ndugu wa karibu: tisini na sita kwa mia,
alitolewa kwenye jibini, ughaibuni, miaka mingi.
Ndugu wa tisini na sita
si ndugu wa kumwachia mirathi.

Nikampigia Bi Nyevu. Sikusema "spishi mpya".
Nilisema: kuna kidudu ndani ya ng'ombe wako hakina jina.
Nikasikia ndoo ikiwekwa chini.
"Mwana wa nani?"
Sijui.
"Mlango gani?"
Ndio natafuta.
"Na hapo alipo, ni mgeni ama mwenyeji?"

Swali hilo halimo kwenye fomu.
Fomu yataka umbo, rangi, joto alipendalo,
chumvi aistahimiliyo. Saba kwa mia!
Nikarudia mara tatu, nikidhani nimekosea kupima,
mpaka nikakumbuka Chausiku hufungwa wapi:
nyuma ya nyumba, pale mikoko inapoanzia,
maji yakijaa yanamfika kwatoni.

Yataka jina la Kilatini, na lisiwe langu.
Yataka nakala mbili, hai, nchi mbili mbalimbali,
zilale baridini zikimngoja
mtu wa kuja kuniita mwongo.

Alhamisi stima ikapotea.
Saa mbili na dakika kumi nilisimama
kiganja juu ya mlango wa jokofu, siufungui,
kama anayezuia watoto wasimwamshe mgonjwa.

Ilivyorudi nikaandika: mikindaniensis.
Mwili wa kwetu, mkia wa Roma.

Chausiku hakungoja jina.
Robo ile ilikauka; sasa anakamuliwa chuchu tatu,
na Bi Nyevu anaapa hajazidisha maji.
Nilimsomea jina uani, amechutama, viganja vina mafuta.
Akalirudia polepole, mi-ki-nda-ni,
mkia akauwacha uanguke kwenye majani.

"Basi ni wa hapahapa, huyo," akasema.
"Mwambie anadaiwa kodi."