Mstari Mmoja wa Fomu

Saa kumi na mbili unusu watoto wameshatoka,
wametuachia madawati ya kimo cha magoti yao.
Mimi nakaa upande, kama gunia la mkaa juu ya baiskeli.
Nyamweya, fundi bomba wa Ofafa,
amevua kofia utadhani ameingia kanisani.

Mwalimu Apondi anaandika ubaoni neno la Kiingereza,
la kusema mkono unaijua kazi.
Kisha la pili. La tatu. La nne.
Yote ni ustadi, asema, ila si ndugu wa tumbo moja:
hili la fundi saa, hili la daktari wa kupasua,
hili la yule kijana wa Machakos Country Bus
anayekutoa simu mfukoni ukiwa unaipokea.
Tunacheka.
Hilo la mwizi ndilo lililoshika kwanza.

Sikuja kutafuta Kizungu cha kuringia.
Nimeletwa na karatasi.
Kiwandani kwetu, Barabara ya Likoni, tunapooka mkate
Nairobi ikilala, nafasi ya unyapara imefunguka,
na fomu yao inasema: Jieleze.
Mstari wenyewe mfupi kuliko kidole changu cha shahada.
Miaka kumi na tisa niibanike wapi?

Nimekanda kwa mkono stima ilipopotea.
Nimelisoma joko kwa pua, kipimajoto kilipokufa.
Nimeendesha mashine ya Wajerumani
kwa kitabu cha maelezo cha Kichina, nikifuata picha.
Nimekuwa karani, mzigo, fundi, mpatanishi,
na usiku mmoja wa Aprili, mkunga,
Syombua alipozidiwa katikati ya magunia ya unga.
Mtoto yule tunamwita Ngano. Yuko darasa la sita.

Kuna neno la hayo yote, asema mwalimu,
la mtu anayegeuka na hali asivunjike.
Analitamka. Refu, lina kona,
ulimi unapanda, unakosa ngazi, unashuka.
Nalijaribu kama kiatu cha Gikomba:
linabana kisigino, nalirudisha rundoni,
nalichukua tena.
"Litalegea," asema. "Litembelee."

Basi nalitembelea, Barabara ya Jogoo yote,
nikinong'ona,
wapita njia wakidhani nasali
au nadaiwa.

Na jambo ambalo sikulitarajia ni hili.
Kila neno geni lilipobisha, nilitafuta la kwetu
la kulipokea, lisisimame mlangoni.
Ustadi likachoka kufungua peke yake.
Likaamsha umahiri. Umahiri likaamsha weledi.
Ufundi lilikuwa macho muda wote, mikono ina unga.
Ubingwa likatoka mwisho, linapiga miayo.
Kumbe yote yalikuwemo!
Nimeishi katika nyumba ya vyumba vitano
nikilala jikoni.

Mama, kule Nyamira, alikuwa na neno moja juu yangu:
mkono mwepesi.
Alilisema akitazama pembeni, akaendelea kumenya ndizi.
Nimelipima na yote ya daftari hili.
Sijapata la kulishinda,
ingawa mwalimu anasema kwa Kiingereza
mkono mwepesi ni wa yule kijana wa Country Bus.

Fomu niliirudisha Jumanne.
Neno lile refu nililiandika kwa wino,
nikakosea herufi moja. Naijua ilipo,
inaniwasha hadi sasa kama kapi la ngano ndani ya jicho.
Sikulifuta.
Chini yake, nje kabisa ya mstari,
mahali palipoandikwa Kwa Matumizi ya Ofisi Pekee,
niliongeza kwa Kiswahili:
Joko namba mbili linadanganya.
Muulizeni Kemunto.